Usafi wa hospitali si hisani kwa mgonjwa

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wa Tanzania wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya kazi. Walichimba vyoo kwa mamia ya maelfu, wakafyeka nyasi zilizozunguka nyumba zao, wakafukia madimbwi yaliyokuwa mazalio ya mbu. Mkulima hakungoja fungu la choo liletwe kutoka wilayani. Alielezwa sababu, jembe alikuwa nalo, akachimba. Kwa kazi hiyo mwananchi alitimiza sehemu yake ya mapatano yaliyopo baina yake na taifa lake katika jambo la afya.

Yafaa basi kuuliza kama upande wa pili wa mapatano hayo nao umetimizwa. Mkulima yule yule, au mjukuu wake, anapolazwa hospitali leo, ana haki ya kuiuliza hospitali maswali ambayo bwana afya alimwuliza yeye nyumbani kwake. Maji yapo? Sabuni ipo? Taka hutupwa wapi? Na mikono ya huyu anayekuja kukifungua kidonda, imenawa? Maswali haya si utovu wa adabu. Mtu aliyelazwa hana tena uwezo wa kujikinga mwenyewe. Kinga yake yote ameikabidhi kwa wengine.

Ukubwa wa jambo lenyewe haufichiki. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba, katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za nchi tajiri, 7 hupata humo humo hospitalini maambukizi ambayo hawakwenda nayo. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati idadi hiyo ni 15. Na katika kila 10 wanaopatwa na maambukizi hayo, mmoja hufa. Mtu huenda kutibiwa mguu uliovunjika akarudi na sumu katika damu. Mama huenda kujifungua akarudi na tumbo linalotoa usaha. Tena hawa hawauawi na ugonjwa wa ajabu. Vijidudu hupita katika kidonda cha upasuaji, katika mpira wa mkojo uliosahauliwa mwilini siku tatu zaidi ya ilivyohitajika, katika sindano ya dripu iliyochomwa bila ngozi kusafishwa. Na chombo kinachovibeba zaidi kuliko vyote kutoka kitanda hadi kitanda ni mkono wa mtu anayetibu.

Jambo hili lilijulikana zamani, na namna lilivyojulikana ina mafunzo mengi kuliko mabango yote yanayobandikwa ukutani. Katika miaka ya 1840 Hospitali Kuu ya Vienna, Austria, ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilikuwa chini ya madaktari na wanafunzi wa udaktari. Ya pili ilikuwa chini ya wakunga. Wanawake walipokelewa kwa zamu, leo wodi hii, kesho ile. Mwaka 1846 wodi ya madaktari ilipoteza wazazi zaidi ya 11 katika kila 100, na wengi waliuawa na homa ya uzazi. Wodi ya wakunga haikufikisha 3. Wanawake maskini wa mji ule hawakuwa na takwimu, lakini waliujua ukweli: walipiga magoti wakilia wasipelekwe wodi ya kwanza.

Daktari kijana, Mhungari, Ignaz Semmelweis, alikataa kuridhika na maelezo kwamba hewa ya mji ndiyo mbaya. Kama ni hewa, mbona wakunga waliivuta hiyo hiyo? Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa kidole kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa akiwa na dalili zile zile za wanawake wa wodi ya kwanza. Hapo fumbo likafumbuka. Madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakuwa wakipasua maiti. Kuanzia katikati ya Mei mwaka huo Semmelweis aliamuru kila aingiaye wodi anawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa 2, na Julai zaidi kidogo ya mmoja.

Mtu angetazamia kwamba atabebwa mabegani. Wakubwa wa tiba hawakumshukuru. Mwaka 1849 hakuongezewa muda wa kazi yake, akarudi kwao Hungaria, na mwaka 1865 alifia katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa kidonda kilichoingiwa na vijidudu vya aina ile ile aliyopigana nayo. Ni kweli kwamba alikuwa mtu mkali wa maneno, na kwamba alichelewa mno kuandika alichokigundua. Lakini sababu iliyozama chini zaidi ilikuwa kiburi. Kukubali hoja yake kulimaanisha kukubali kwamba mkono wa bwana msomi ulikuwa mchafu kuliko mkono wa mkunga, na kwamba wanawake wale walikuwa wameuawa na waganga wao wenyewe. Wengi waliona ni afadhali wazazi waendelee kufa kuliko heshima ya taaluma kuguswa.

Je, kiburi hicho kilizikwa Vienna? Katika wodi zetu ngazi ni nyingi: daktari bingwa, daktari, muuguzi, mhudumu wa wodi, mfagizi, kisha, chini ya wote, mgonjwa na ndugu aliyekuja kumwuguza. Wapo wazee wanaomwamkia shikamoo daktari mwenye umri wa wajukuu wao, kwa kuwa uhai wao umo mikononi mwake. Katika ngazi kama hiyo maneno “Daktari, samahani, hujanawa” ni mepesi kuyaandika katika mwongozo, na mazito kuyatamka. Muuguzi aliyeona daktari akitoka kitanda cha tano kwenda cha sita bila kunawa hunyamaza kwa kuwa hataki kuitwa mjuaji. Mfagizi aliyeona hunyamaza kwa kuwa hajawahi kuulizwa maoni yake juu ya jambo lolote. Mgonjwa hunyamaza kwa hofu kwamba atachomwa sindano kwa hasira.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kuwadharau wanaowaongoza, na wafanyakazi wa viwandani waliushika wakaanza kuwahoji mameneja. Haukuandikwa kwa ajili ya viwanda peke yake. Mahali ambapo dharau ya mkubwa huweza kumwua mtu kabla ya jioni ni wodi ya wazazi, wala si kiwanda cha nguo. Kwa hiyo haki ya mdogo kumkumbusha mkubwa kunawa mikono isichukuliwe kama mzaha wa semina. Mganga mkuu wa hospitali anayetaka haki hiyo iwepo kweli ana njia moja nyepesi: siku ya kwanza anapokumbushwa na mhudumu wa wodi, aseme asante mbele ya watu, akanawe. Habari hiyo itafika wodi zote kabla ya chakula cha mchana, na haitahitaji waraka.

Lakini si kila mahali adui alikuwa kiburi. Pengine alikuwa umaskini uliogeuka mazoea. Mwaka 1976, katika hospitali ndogo ya misioni ya Yambuku, Zaire ya wakati ule, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wauguzi walipewa kila asubuhi mabomba matano ya sindano na sindano zake, yatumike kwa wagonjwa wote wa nje, wajawazito na waliolazwa. Baina ya mgonjwa na mgonjwa sindano ilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu. Wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa watu wa kujitolea waliozoea kufanya kazi kwa kile kilichopo. Ndipo ulipoingia ugonjwa ambao dunia haikuwa imeujua bado, na ambao ulipewa jina la mto Ebola. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile walikufa 11, milango ikafungwa Septemba 30. Hata dawa ya ugonjwa haikuwepo. Sindano zilipokoma, na wagonjwa walipotengwa vijijini mwao, ugonjwa ulizimika.

Tangu hapo ukanda huu umelipa ada ya somo hilo mara nyingi. Gulu, Uganda, mwaka 2000, waliougua Ebola walikuwa 425 na waliokufa 224, na Desemba 5 akafa Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyeutambua ugonjwa mapema na kuwapanga wauguzi wake kuukabili. Mkoani Kagera, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Machi 2023, watu 9 waliupata na 6 wakafa, na miongoni mwa waliougua walikuwapo watumishi wa afya. Mlipuko wa pili wa Marburg, wa Biharamulo, ulitangazwa Januari 2025. Kila mara ugonjwa huo uingiapo, hospitali isiyo na maji na glavu hugeuka mlango wa kuusambaza. Muuguzi ndiye huwa wa kwanza kuanguka. Kwa hiyo anayemnyima muuguzi glavu hajamdhulumu mgonjwa peke yake.

Haitoshi, basi, kuwahimiza watumishi tu. Wapo viongozi ambao kila likitajwa neno maambukizi hukimbilia kulaumu “uzembe wa wauguzi”, na uzembe upo, lakini muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa 40 na bomba lililokauka hawezi kunawa kwa uzalendo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalieleza kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havikuwa na huduma ya msingi ya usafi wa mikono. Kwa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, vituo 73 katika kila 100 vilikuwa na sabuni na maji, au dawa ya spiriti, mahali anapohudumiwa mgonjwa. Lakini vituo vilivyokuwa na maji na sabuni chooni vilikuwa 37 tu. Mkono unaotoka chooni ndio huo huo unaorudi wodini.

Tangu mwaka 2017 Tanzania imejenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya, vingi vikiwa na vyumba vya upasuaji, ili mama mjamzito asifie njiani akipelekwa hospitali ya mkoa. Kazi hiyo inaonekana kwa macho na haina haja ya kusifiwa zaidi hapa. Lakini kadiri vyumba vya upasuaji vinavyosogea karibu na mwananchi, ndivyo hatari ya upasuaji nayo inavyosogea. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kwamba barani Afrika hadi wanawake 20 katika kila 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Hapana faida ya kumwokoa mama mezani ili afe wodini siku ya tisa. Siku ya ufunguzi wa jengo, utepe ukishakatwa na ngoma zikishachezwa, ingefaa mgeni rasmi aombe kuonyeshwa tangi la maji, mashine ya mvuke ya kuchemshia vyombo, na shimo la kuchomea taka, kabla ya kuonyeshwa vitanda. Majengo hupigwa picha. Mabomba ya maji hayapigwi picha, na pengine ndiyo maana husahauliwa.

Kuna njia ya mkato ambayo hospitali nyingi zimeizoea, nayo ni kuufunika uchafu kwa dawa. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji huandikiwa antibayotiki za siku tano au saba “kwa usalama”. Mwongozo wa mwaka huo wa 2016 wa Shirika la Afya Duniani umekataza jambo hilo waziwazi. Dawa ya kinga hutolewa kabla ngozi haijapasuliwa, ndani ya dakika 120, ili iwepo katika damu kisu kinapoingia. Upasuaji ukiisha, kuendelea kuitoa hakumkingi mgonjwa. Vivyo hivyo mwongozo umekataza kumnyoa mgonjwa kwa wembe, kwa kuwa wembe huacha mikwaruzo ambamo vijidudu hujificha. Nywele zikizuia kazi zikatwe kwa mashine. Haya ni mambo yasiyogharimu kitu. Mengine hata yanapunguza gharama.

Dawa zinazotolewa ovyo huwafundisha vijidudu kuzizoea. Uchunguzi uliofanywa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2001 na 2002 kwa watoto waliolazwa, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba katika watoto waliokutwa na vijidudu vya kundi ambalo wataalamu huliita Gramu hasi katika damu, zaidi ya 43 katika kila 100 walikufa. Waliokuwa na malaria walikufa 20 katika kila 100. Na moja ya mambo yaliyowapeleka watoto wale kaburini lilikuwa kupewa dawa ambayo vijidudu vilikuwa vimekwisha kuizoea. Hospitali kuuchunguza ukweli wake wenyewe na kuuchapisha ni ujasiri unaostahili kuigwa na hospitali zote, kwa kuwa isiyopima haijui inaua wangapi. Kwa dunia nzima wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 usugu wa dawa peke yake uliua watu milioni 1.27, na Afrika kusini mwa Sahara iliumizwa kuliko mahali pengine popote. Dawa mpya zitakapovumbuliwa zitauzwa kwa bei ya wavumbuzi. Sabuni ya mche inatengenezwa hapa hapa.

Hapa ndipo siasa ya kujitegemea inapokuwa na maana ya vitendo. Shirika la Afya Duniani limetoa bure kanuni ya kutengeneza dawa ya spiriti ya kusugulia mikono: spiriti ya asilimia 80, gliserini kidogo ili ngozi isikauke, haidrojeni peroksaidi kidogo, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Muuguzi huisugua kwa sekunde 20 hadi 30 pale pale kando ya kitanda, na haihitaji bomba. Mikono yenye damu au uchafu unaoonekana itabaki kuhitaji maji na sabuni, lakini kwa safari kumi za kitanda hadi kitanda dawa hiyo yatosha. Hospitali moja kubwa ya Bamako, Mali, ilijaribu mpango huo kati ya mwaka 2006 na 2008, ikatengeneza dawa hiyo nchini kwa spiriti ya miwa. Kabla ya hapo watumishi walisafisha mikono mara 8 katika kila nafasi 100 walizopaswa kuisafisha. Baadaye walifikia karibu 22. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele, bado nafasi 78 zilipotea, lakini ni karibu mara tatu ya hali ya kwanza, na katika nchi isiyo tajiri kuliko Tanzania. Miwa ipo Kilombero, Mtibwa, Kagera na Arusha Chini, na molasi yake ndiyo mama wa spiriti.

Mwaka 2020, wakati wa korona, ndoo zenye bomba na sabuni zilisimamishwa katika kila mlango wa ofisi, duka na kituo cha basi, kwa muda wa wiki chache tu, bila mfadhili wala mkutano mkubwa. Hofu ilipopoa ndoo nyingi ziliondolewa, hata katika baadhi ya zahanati, ambako zilipaswa kuwapo kabla ya korona na baada yake.

Tanzania ina mwongozo wake wa taifa wa kuzuia maambukizi tangu mwaka 2004, ukafanyiwa marekebisho mwaka 2018, hivyo haiwezi kusemwa kwamba maarifa hayapo. Kinachosumbua ni kwamba mwongozo hukaa kabatini kwa mganga mfawidhi, na anayeutekeleza kwa ufagio na ndoo hajausoma. Mfagizi wa wodi ndiye anayejua ni kitanda gani kiliachwa na mgonjwa wa kuhara na kama godoro lilifutwa kwa klorini kabla ya mwingine kulazwa. Katika hospitali nyingi yeye ni kibarua wa kampuni iliyoshinda zabuni kwa bei ya chini, na pengine hata chanjo ya homa ya ini hajapewa, ingawa ndiye anayekusanya sindano zilizotumika. Kumwita mtumishi wa afya, kumfundisha, kumchanja na kumkalisha katika kikao cha wodi pamoja na wengine kungefanya kazi kubwa kuliko semina tano za hotelini.

Nyenzo ya kulisimamia jambo hili wananchi wanayo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za pamoja za afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kila kituo kina kamati yake ya usimamizi yenye wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Mjumbe huyo hahitaji kuwa msomi wa tiba. Kabla ya kupitisha matumizi ya robo mwaka ana haki ya kuomba asomewe ni katoni ngapi za sabuni zilizonunuliwa, ni siku ngapi bomba la chumba cha kujifungulia lilikauka, na ni wazazi wangapi waliorudi kituoni na vidonda vilivyotunga usaha.